Walioizika Deki Hawakutuuliza

Ingia duka lolote la Luthuli Avenue, Nairobi, leo uulize deki ya diski, na muuzaji atakutazama usoni kwanza, ahakikishe humfanyii mzaha. Kisha atakusogeza kwenye ukuta wa runinga, akuoneshe kitufe cha Netflix kwenye rimoti, na akuulize diski za nini zama hizi. Swali hilohilo utaulizwa na mpwa wako aliyemaliza chuo, na fundi wa faiba anayepanda nguzo kule Mutuini, na hata na kijana wa duka la filamu ambaye zamani alikuchomea diski kwa hamsini na sasa anajaza flashi tu. Wote wana kauli moja: diski zimekufa, nunua smart TV, vuta intaneti, mambo kwisha.

Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi hadi hakuna anayeomba ushahidi. Mimi nauomba. Kwa mtu wa Mutuini aliyejinyima akanunua runinga ya inchi 55 na seti ya spika za maana, deki ya Blu-ray ndicho kifaa cha kutafuta sasa, na kila anayemwambia aachane nayo anamtia hasara ambayo mwenyewe hataigharamia.

Tuanze na mahali habari za kifo zilikotoka. Oppo, kampuni ya China iliyosifika kwa deki bora, ilijitoa mwaka 2018. Samsung ikatangaza Februari 2019 kwamba haitaleta tena deki mpya katika soko la Marekani. Netflix yenyewe, ambayo ilianza maisha yake kwa kuwatumia watu DVD kwa posta, ilituma bahasha ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme huko Marekani, likaondoa diski kwenye rafu mwaka 2024, na LG ikaacha kutengeneza deki mwishoni mwa mwaka huohuo. Hayo yote ni kweli. Lakini yalitokea kwa watu ambao intaneti yao ni ya uhakika, ambao huduma zote za filamu ziko wazi kwao, na ambao walikwisha kuonja diski nzuri kwa miaka mingi kabla ya kuzichoka. Sisi tumekwenda kulia kwenye matanga ya mtu tusiyemjua, kisha tukarudi nyumbani kuchinja ng'ombe wetu aliye hai. Na hata huko, Sony na Panasonic hawakuondoka. Diski ya 4K ya *Oppenheimer* ilipotoka Novemba 2023, iliisha madukani ndani ya wiki ya kwanza.

Hoja ya pili ya wapinzani ndiyo inayowashika wengi: picha ya diski ni mbovu, wameiona kwa macho yao. Naam, wameiona. Lakini waliona nini hasa? Waliona ile diski ya filamu kumi kwa moja ya River Road, yenye karatasi ya rangi kali na majina yaliyokosewa herufi. Hebu tupige hesabu. DVD yenye tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5. Ukiisheheneza filamu kumi, kila moja inapata chini ya gigabaiti moja. Filamu ya saa mbili basi inapita kwa kasi isiyofika megabiti moja kwa sekunde, na ile VCD ya miaka ya tisini, iliyokuwa na picha ya ukungu, video yake ilikwenda kwa megabiti 1.15. Ongeza kwamba nakala yenyewe mara nyingi ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, kichwa cha mtu kikipita katikati ya mapigano. Anayeihukumu diski kwa kitu hicho hajawahi kuiona diski.

DVD halali ya filamu moja inaruhusiwa kufika megabiti 9.8 za video kwa sekunde. Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, hubeba gigabaiti 25 au 50 na kufikisha megabiti 40 za video. Diski ya 4K, iliyokuja mwaka 2016, hubeba hadi gigabaiti 100 na inaweza kupita megabiti 100 kwa sekunde. Netflix inakutaka uwe na megabiti 15 kwa 4K, na 5 kwa picha ya HD kamili. Mpinzani mwerevu atasema kwamba mbinu za kubana picha zimeendelea, kwamba megabiti 15 za leo si sawa na 15 za miaka ishirini iliyopita. Ana haki. Ndiyo maana mchana kweupe, kwenye tamthilia ya watu wawili wamekaa sebuleni, hutaona tofauti kubwa. Ngoja usiku uingie ndani ya filamu: moshi, mvua, msitu wenye giza, kivuli ukutani. Hapo picha ya mtandaoni hugawanyika vipandevipande na weusi wake hugeuka kijivu chenye ngazi. Diski husimama.

Nimesema picha, lakini kesi yangu nzito iko kwenye sauti, na ajabu ni kwamba hawa wanaotuambia tuache diski ndio hao hao waliotuuzia spika. Filamu ya mtandaoni yenye mfumo wa sauti wa Dolby Atmos hukufikia ikiwa imebanwa hadi kilobiti 768 kwa sekunde, na hiyo ndiyo ya kifurushi cha juu. Kwenye Blu-ray, Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio huleta sauti ileile iliyofungwa studio bila kupunguzwa, na TrueHD ina nafasi ya kufika megabiti 18. Ukiwa na wufa ya spika mbili ndogo na besi moja, tofauti utaisikia kidogo, sitakudanganya. Ukiwa na seti ya spika tano na besi yake, zilizounganishwa na risiva ya kweli, utaisikia mlango wa gari ukifungwa nyuma ya kochi na utageuka. Mtu anayelipia spika sita kisha akazilisha sauti iliyonyongwa amenunua spika za kupamba ukuta. (Na tafadhali, maandishi ya wati elfu kumi za PMPO kwenye boksi la wufa yapuuze kabisa. Kipimo hicho hakina sheria yoyote. Soketi yako ya ukutani haiwezi hata kutoa nguvu hizo.)

Tuje sasa kwenye bomba lenyewe, yaani intaneti. Mutuini ni wadi ya Dagoretti Kusini, ukingoni mwa jiji, ukitoka hatua chache uko Kiambu. Faiba imefika kwenye maghorofa mapya ya kupangisha, lakini kuna vichochoro na maboma ya ndani ambako nguzo bado haijasimama, na huko watu huishi kwa bando la simu. Filamu ya 4K hula takriban gigabaiti 7 kwa saa. Ya HD, gigabaiti 3. Piga hesabu ya familia inayotazama filamu mbili kila wikendi kwa bando, kisha uniambie deki ni ghali.

Kwa aliye na faiba, shida ni nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Kenya na Tanzania pamoja. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilitatizika tena nchi nzima. Waliosema Starlink, intaneti ya setilaiti, ingemaliza mjadala walinyamaza Novemba mwaka huohuo, ilipoacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wake hapa ulikuwa umejaa. Stima ikipotea, deki nayo ni bubu, hilo halina ubishi; Agosti 25, 2023 Kenya karibu yote ilikaa gizani na hakuna diski iliyomwokoa mtu. Lakini stima inahitajika pande zote mbili. Mtandao unahitaji stima, nguzo, bahari, kampuni na malipo ya mwezi, vyote vikiwa sawa kwa wakati mmoja, saa mbili mfululizo, Jumamosi jioni wakati mtaa mzima umewasha.

Na je, hicho unacholipia kila mwezi ni chako? Iflix, huduma ya filamu mtandaoni, iliingia Kenya mwaka 2017 kwa mbwembwe. Kufikia mwisho wa 2019 haikuwepo. Buni TV, iliyoanzishwa kwa ajili ya filamu za Kiafrika, ilimezwa na kampuni ya Trace mwaka 2016. Netflix ilitupatia mpango wa bure wa simu Septemba 2021, ikaufunga Novemba 2023, na mwaka huohuo ikaanza kuwabana wanaogawana nenosiri. Amazon ilipunguza kazi za huduma yake ya filamu Afrika Januari 2024. Disney+ ilifungua milango Afrika Kusini na nchi kadhaa za kaskazini mwaka 2022, Kenya ikarukwa. Hata ukiacha kulipa kwa mwezi na kubonyeza "nunua", hununui: California ilibidi itunge sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayolazimisha maduka ya kidijitali kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Diski niliyonunua naweza kumwazima jirani, naye akamwazima shemeji yake, na hakuna ujumbe utakaotokea kwenye kioo kutuuliza kama tunaishi nyumba moja.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji wa Luthuli hawakiwazii kabisa, kwa kuwa hakiuzwi. Kabati za Mutuini zimejaa diski. Harusi za kanisani za miaka ya elfu mbili, ruracio (sherehe za mahari), mahafali, mazishi ya babu. Yote hayo mpiga video alileta kwenye DVD ndani ya kasha lenye picha ya maharusi. Hayako YouTube. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu la diski. Na diski za kuchomwa, tofauti na zile zilizopigwa chapa kiwandani, hushika kumbukumbu kwenye tabaka la rangi ambalo hufifia mwaka hadi mwaka, hasa likikaa juani. Pembeni ya diski hizo utakuta vichekesho vya Kikuyu vya akina Kihenjo na Machang'i kutoka enzi ya Riverwood, soko la filamu za River Road, na filamu za mapigano zenye sauti ya msimulizi DJ Afro. Vingine vimepandishwa mtandaoni vikiwa vimekatwakatwa na matangazo. Vingine usivitafute popote ila kwenye kabati la mtu. Deki ndiyo itakayokuambia ni zipi bado nzima, ili uzipeleke zikanakiliwe kabla hazijafifia. Anayetupa deki leo ametupa pia ufunguo wa kabati hilo.

Basi ununue ipi? Hapa nagombana na kambi ya pili, ile inayokubali diski lakini inakimbilia "home theatre" ya boksi moja: DVD, amplifaya na spika tano, vyote vya kampuni moja. Usinunue. Deki yake husoma DVD tu, plagi za spika zake mara nyingi ni za aina yake peke yake, na siku leza itakapochoka utabaki na sanduku linalonguruma redio. Nunua kila kitu peke yake: risiva yenye matundu ya HDMI, spika za kawaida za nyaya mbili, na deki pembeni. Kimoja kikifa, vingine vinaishi.

Deki yenyewe itafute ya mtumba, ex-UK. Sina mapenzi na Waingereza. Ni hesabu ya soketi na kanda. Plagi yao ya miguu mitatu bapa ndiyo yetu na umeme wao ni wa volti 230 hadi 240 kama wetu, wakati nyingi za Marekani zimeundwa kwa volti 120 na zikichomekwa hapa bila kibadilishi hutoa moshi. Kisha kanda: dunia ya Blu-ray imegawanywa sehemu tatu, na Uingereza, Ulaya na Afrika yote ziko kanda B. Blu-ray atakayokuletea dada yako kutoka London itasoma bila ubishi. Ya Marekani ni kanda A, nyingi zitagoma. Diski za 4K hazina kanda. Mtego uko kwenye DVD: Uingereza ni kanda 2, Kenya ni kanda 5 pamoja na India. Kwa hiyo DVD halisi ya Kihindi kutoka Diamond Plaza inaweza kukataliwa na deki ya Uingereza mpaka ifunguliwe kwa msimbo wa rimoti, na si kila modeli hufunguka. Ndiyo sababu deki isiyo na rimoti yake ya asili usiiguse, hata ukipewa kwa bei ya chai. DVD za harusi na za kuchomwa kwa kawaida hazina kanda, hizo zitapita.

Unapojaribu dukani, kumbuka kwamba deki ya Blu-ray ina miale mitatu: ya CD, nyekundu ya DVD, na ya buluu-zambarau ya Blu-ray. Kwa kuwa mmoja unaweza kufa na mwingine ukabaki mzima, kumwona muuzaji akichezesha DVD moja hakukuambii chochote. Nenda na diski za aina zote tatu. Na hiyo DVD iwe ya filamu halisi ya tabaka mbili: usitazame mwanzo, ruka hadi nusu saa ya mwisho. Tabaka la pili liko huko, na leza iliyochoka mara nyingi huanza kukwama hapo kabla ya kuonesha dalili nyingine yoyote. Sikiliza trei inavyotoka. Soma kibandiko cha nyuma kuhusu volti. Nyumbani, iweke kwenye kilinda umeme pamoja na runinga, na uifunike miezi ya kiangazi. Vumbi letu jekundu ni adui mkubwa wa lenzi kuliko miaka.

Mwenye watoto wanaotaka michezo anaweza kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Xbox One S, ya mwaka 2016, husoma hata diski za 4K, ila lazima uipe intaneti mara moja ipakue programu yake ya Blu-ray. PlayStation 5 yenye tundu la diski nayo husoma 4K. PlayStation 4 inaishia Blu-ray ya kawaida, na jambo linalowashangaza wengi, haichezi CD za muziki kabisa. Ukiwa na sanduku la CD za Kwaya ya Mtakatifu fulani, baki na deki. Miongoni mwa deki zenyewe, Sony UBP-X700 na Panasonic DP-UB820, zote za 2018, ni majina ya kuyakariri kwa anayetaka 4K. Kwa asiye na runinga ya 4K, Blu-ray yoyote ya kawaida ya Sony, Panasonic, LG au Samsung yenye leza nzima inatosha, na itaipandisha DVD yako ya kawaida ikalijaza kioo vizuri.

Limebaki pingamizi moja lenye uzito: diski nitazitoa wapi? Maduka ya diski mpya halali Nairobi ni machache mno, sikatai. Lakini kule Uingereza maduka ya hisani yanauza DVD na Blu-ray za mitumba kwa bei ya kutupa, na nyumba nyingi za Mutuini zina mtu ng'ambo. Diski ikitolewa kwenye kasha lake ni nyepesi. Hamsini zinaenea kwenye kona ya sanduku ambako angekuwekea chokoleti. Filamu hamsini ulizozichagua mwenyewe, ambazo utazirudia, zinamtosha mtu mwaka mzima kuliko maelfu unayoyapitisha kwa kidole hadi usingizi ukuchukue. Wala sikuombi ukate faiba. Mpira, habari na tamthilia ya wiki hii vina mahali pake huko.

Ila usikawie. Mzigo wa mitumba upo kwa sababu watu wa huko wanazitoa majumbani, na kiwanda kinachofungwa hakijazi tena kontena. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Kichwa cha leza cha DVD bado fundi wa mjini atakupatia. Cha Blu-ray ni kazi kukipata hata sasa. Ukikuta deki mbili za modeli moja kwenye rafu na zote zinasoma, lipia zote mbili, ya pili uihifadhi kwa vipuri.